Ruhusa Imekataliwa



Nilipokuja shuleni mwaka jana, siku ya wanafunzi wa zamani, vijana wawili wa kidato cha nne walinijia chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara, wakaniuliza swali. Walikuwa wameipandisha toleo jipya kompyuta ya maabara, ile inayohifadhi kazi za darasa, na tangu siku ile hawakuweza kuiingia kutoka kompyuta za maktaba. "Ufunguo wetu ni uleule na jina ni lilelile," wakasema, "nayo yatujibu kwamba ruhusa imekataliwa. Je, tumekosa nini?" Nikawajibu mbiombio, maana gari lilikuwa likiningoja langoni, na jibu langu halikuwa na faida. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa akisikiliza, akaniambia, "Kaliandike vizuri kwa ajili ya gazeti letu, wala usifiche makosa yako." Basi naandika, na makosa sitayaficha.

Kwanza tufahamiane juu ya jambo lenyewe. Mtu aweza kukaa mbele ya kompyuta na kuitumia kwa kibodi yake na skrini yake. Tena aweza kukaa mji mwingine, akaifikia kwa njia ya intaneti, akaandika amri hapa na kazi ikafanyika kule. Huko ndiko kuingia kwa mbali. Hapo zamani watu waliingia kwa programu iitwayo telnet, nayo ilikuwa na aibu kubwa: ilipitisha neno la siri njiani wazi wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995 wezi walinasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo kikuu cha ufundi cha Helsinki, nchi ya Finland. Ndipo Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho, akatunga programu mpya akaiita SSH. Hiyo hufunika maneno yote tangu mwanzo wa safari hata mwisho. Lango lake ni namba 22, kati ya lango 21 la kupelekea mafaili na lango 23 la telnet. Mwaka 1999 watu wa OpenBSD walitoa programu yao ya bure ya namna hiyo, OpenSSH, nayo ndiyo iliyomo katika seva nyingi sana leo.

Katika lango hilo yupo mlinzi, yaani programu ndogo inayongoja wageni mchana na usiku. Mgeni aweza kujitambulisha kwa neno la siri, lakini njia iliyo bora ni ile ya jozi ya funguo. Wataalamu wameziita funguo, lakini mimi naona ni rahisi zaidi kuufikiria mmoja kama muhuri, na wa pili kama kielelezo cha muhuri. Muhuri unakaa kwako, humpi mtu. Kielelezo chake unampa mlinzi akiweke katika faili iitwayo authorized_keys, iliyo ndani ya folda yako kwenye seva. Ukija langoni unapiga muhuri wako juu ya maneno yanayohusu mazungumzo ya saa ile tu, na mlinzi anailinganisha alama na kielelezo alicho nacho. Vikipatana, unaingia. Muhuri wenyewe haupiti njiani kamwe, na alama iliyopigwa leo haifai kutumiwa kesho.

Sasa nitawaambieni yaliyonipata. Kwa miaka kadhaa nilitunza seva ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa katika milima ya mashariki ya Uganda. Jina lake silitaji. Mimi nakaa Kampala, na kutoka hapa hata kule ni zaidi ya kilomita 200. Chama kilikuwa na vituo vinne vya kununulia. Kila jioni karani wa kituo aliandika uzito wa kahawa ya kila mkulima, na kompyuta yake ikapeleka orodha ile kwenye seva kwa njia ya SSH. Siku ya malipo seva ilijumlisha, na mhazini akalipa kwa orodha iliyotoka humo.

Jumatano tarehe 31 Agosti 2022, usiku, nikaamua kuipandisha seva ile kutoka Ubuntu 20.04 hadi Ubuntu 22.04. Malipo yalikuwa Ijumaa. Muhula wa tatu wa shule ulikuwa mlangoni, na wazazi wengi walikuwa wakiingojea fedha ile kwa karo. Mtu mwenye akili angengoja hata wiki ya pili. Mimi nilijiona fundi.

Kazi ilikwenda vizuri kwa muda wa saa mbili. Maswali yalikuja katika skrini, nikayajibu "ndiyo" bila kuyasoma. Moja lilinieleza kwamba, kwa kuwa nimeingia kwa mbali, mlinzi wa pili atasimamishwa katika lango namba 1022, ili nipate pa kupita kama wa kwanza akipatwa na jambo. Hata hilo nikalipita. Mwishoni kompyuta ikauliza kama izimwe na kuwashwa upya. Nikasema ndiyo. Ikazimika, ikawaka, na yule mlinzi wa pili akawa ameondoka, kwa kuwa yeye huwekwa kwa muda wa kazi tu. Nikajaribu kuingia, nikapata maneno mawili ya Kiingereza: "Permission denied", yaani ruhusa imekataliwa.

Nilijaribu mara tatu, mara nne, majibu yakawa yaleyale. Basi nikampigia simu Mzee wa hesabu, aliyekaa karibu na ofisi ya chama. Mzee huyu alifanya kazi Mombasa ujanani mwake, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona saa hizi? Kuna msiba?"

Nikamweleza. Akavaa viatu, akaenda bohari iliyokuwa na seva, akawasha taa, akakaa mbele ya skrini. Aliye mbele ya kompyuta yenyewe hapiti kwa mlinzi wa lango la mbali. Aliandika jina na neno la siri, akaingia bila shida.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza. Nilisikia neno "ruhusa", nikakumbuka kwamba mafaili nayo yana ruhusa zake. Nikadhani kwamba seva, katika kupandishwa, imezichafua. Bila kuchunguza nikamwambia Mzee aandike amri ya chmod yenye tarakimu 777 juu ya folda yangu yote, pamoja na kila kilichomo. Maana ya tarakimu hizo ni hii: kila mtu mwenye jina katika kompyuta aweza kusoma, kuandika na kuendesha kila kitu. Nilidhani kwamba nikifungua milango yote, hapana mlango utakaonizuia. Nikajaribu tena. Ruhusa imekataliwa.

Usiku ule sikulala. Saa moja asubuhi karani wa kituo kimoja akapiga simu: orodha yake aliyochelewa kuipeleka jana nayo imekataliwa. Vituo vyote vinne vilikuwa nje, na orodha za siku ile ya Alhamisi zilipaswa kuingia jioni. Nilianza kuulizia mabasi ya kwenda Mbale. Kabla sijatoka nikampigia Mzee tena. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Mwanangu, huyo mlinzi wako hana daftari? Bohari hii ina askari langoni, na kila anayemkataza humwandika, jina lake na sababu. Mbona wewe wabishana na askari na daftari lake hujalisoma?"

Nilinyamaza kwa haya. Ni kweli, mlinzi wa SSH analo daftari. Kwa mgeni aliye nje husema neno moja tu, ruhusa imekataliwa, naye hafafanui, kwa sababu hajui kama mgeni ni mwenyeji au ni mwizi. Akimwambia mwizi, "Jina ni sahihi ila ufunguo si sahihi," amekwisha kumsaidia. Lakini ndani, katika daftari, huandika sababu. Nikamwomba Mzee aandike amri ya kulifungua, journalctl -u ssh -n 20, yaani mistari 20 ya mwisho ya kumbukumbu za SSH. Mimi nikajaribu kuingia mara moja, naye akanisomea mstari uliotokea, herufi kwa herufi, bila kuruka hata nukta. Kwa Kiswahili ulisema hivi: namna ya ssh-rsa haimo katika orodha ya zinazokubaliwa.

Hapo nikafahamu. Muhuri wangu ulikuwa mzima. Mlinzi alikataa wino.

Nitaeleza. Muhuri wangu ulikuwa wa namna ya RSA, iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, na hata leo RSA yenye urefu wa kutosha yakubaliwa. Lakini kabla ya kupiga muhuri, kompyuta huyasaga maneno yanayotiwa muhuri yakawa muhtasari mfupi, na muhuri hupigwa juu ya muhtasari ule. Njia ya kusaga ndiyo niitayo wino. Ile ya zamani huitwa SHA-1, iliyotolewa Marekani mwaka 1995. Tumaini letu lote ni kwamba maandishi mawili yaliyo tofauti hayatatoa muhtasari mmoja. Mwezi wa Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na wa Google walionyesha mafaili mawili tofauti yenye muhtasari mmoja wa SHA-1. Januari 2020 Gaëtan Leurent na Thomas Peyrin walionyesha udanganyifu wa hatari zaidi, na gharama yake ilihesabiwa kuwa chini ya dola 50,000. Fedha hiyo ni nyingi kwangu na kwako, lakini kwa wezi wakubwa si kitu.

Basi watunzaji wa OpenSSH wakatangaza mwaka ule wa 2020 kwamba wino ule utaachwa, na katika toleo la 8.8, la Septemba 2021, mlinzi akaanza kuukataa asipoagizwa vingine. Ubuntu 20.04 ilikuwa na OpenSSH 8.2, iliyoukubali. Ubuntu 22.04 ina OpenSSH 8.9, inayoukataa. Kwa hiyo mfumo mpya haukuharibu kitu. Alikuja mlinzi mpya mwenye amri mpya, nazo zilikwisha kutangazwa zamani, ila mimi sikusoma tangazo.

Mtu atauliza: mbona wengine waliokuwa na mihuri ya RSA waliingia bila shida? Sababu ni kwamba programu zao za kuingilia zilijua wino mpya, SHA-2. OpenSSH imeujua tangu mwaka 2016. Kompyuta yangu ya mkononi, pamoja na zile za vituo vinne, zilikuwa na mfumo wa mwaka 2014, nami niliziacha hivyo kwa sababu zilifanya kazi. Nilipandisha upande mmoja wa mlango, upande wa pili nikausahau.

Dawa ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Tangu Januari 2014 OpenSSH imejua muhuri wa namna nyingine, Ed25519, ambao hautumii wino ule wa zamani hata kidogo. Kwa hiyo hata kompyuta yangu kongwe iliweza kuutengeneza. Niliandika ssh-keygen -t ed25519, nikapata jozi mpya kwa nukta chache. Tena kielelezo chake ni kifupi: herufi na tarakimu 68, ambapo kile cha RSA hupita 300. Nilimpelekea Mzee kwa ujumbe wa simu. Akavaa miwani akakiandika kwa mkono mwishoni mwa faili ya authorized_keys, herufi kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Ilimchukua robo saa. Kisha akanisomea chote tangu mwanzo, nami nikafuatisha kwa kidole. Palikuwa na kosa moja, l ndogo mahali pa I kubwa. Akalisahihisha.

Nikajaribu. Ruhusa imekataliwa.

Nakiri kwamba nilitaka kuitupa simu. Lakini Mzee alikwisha kufungua daftari. "Hapana," akasema, "sababu hii si ile ya kwanza. Hii ni nyingine." Akasoma: "bad ownership or modes", maana yake mwenye folda au ruhusa za folda haziko sawa, na folda iliyotajwa ilikuwa yangu.

Mwaona ndugu zangu? Ile 777 yangu ya usiku ilikuwa imerudi kunishika. Mlinzi wa SSH, kabla hajakiamini kielelezo, hutazama mahali kilipowekwa. Akikuta kwamba watu wengine waweza kuandika katika folda yako, au katika folda ya .ssh, au katika authorized_keys yenyewe, hukataa kabisa. Ana haki, maana kama kila mtu aweza kuandika humo, mtu yeyote aweza kuongeza kielelezo chake na kuingia kwa jina lako. Nilidhani kufungua kila kitu kutaniingiza, kumbe ndiko kulikonifungia nje mara ya pili. Sababu ya kwanza ilikuwa mbele ikiificha ya pili, na kama tungaliacha kusoma daftari baada ya mara ya kwanza tungalidhani dawa ya Ed25519 ni bure, tukaitupa.

Mzee akaandika amri tatu: kuwaondolea wengine uwezo wa kuandika katika folda yangu, kuweka .ssh kuwa 700, na kuweka authorized_keys kuwa 600. Nikajaribu, nikaingia. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Kazi haikuisha hapo. Kwa usiku mzima mafaili ya uzito wa kahawa, yaliyokuwa katika folda ileile, yalikuwa wazi kuandikwa na kila mwenye jina katika seva. Nilirudisha ruhusa za kila faili, lakini sikuweza kuapa kwamba hapana aliyegusa tarakimu. Nikamwambia mhazini ukweli. Alikasirika, na alikuwa na haki. Mzee ndiye aliyetuokoa. Alikuwa na nakala za stakabadhi za karatasi za vituo vyote, nasi tukalinganisha, yeye na karani mwingine wakisoma, mimi nikitazama skrini. Tulimaliza usiku wa manane, na hatukuona tofauti hata ya kilo moja.

Wakati huohuo nilitengeneza njia ya vituo. Makarani watatu waliandika amri ileile ya Ed25519 kwa kuelekezwa kwa simu, wakanipelekea vielelezo vyao, nikavitia. Kompyuta ya kituo cha nne ilikuwa kongwe kupita zote, haikuujua muhuri ule. Kwa ajili ya jina la kituo kile peke yake nikamwagiza mlinzi aukubali wino wa zamani kwa muda. Agizo hilo huandikwa PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa, chini ya mstari wa Match unaotaja mtumiaji yule tu. Huo ni mkongojo, wala si mguu. Niliandika tarehe ya kuuondoa, na baada ya wiki mbili, kituo kilipopata kompyuta nyingine, nikauondoa.

Siku ya Ijumaa malipo yalianza saa tisa alasiri badala ya saa tatu asubuhi. Watu walikaa juani wakingoja. Mama mmoja aliyetoka mbali alikosa gari la kurudi, akalala nyumbani kwa Mzee. Fedha zote zililipwa, lakini yule mama simsahau, kwa kuwa usiku wake mmoja ulipotea kwa sababu ya maswali niliyoyajibu "ndiyo" bila kusoma.

Sasa nawageukia ninyi vijana wawili, pamoja na wote watakaopatwa na jambo hili. Mfumo ukipandishwa toleo, na lango la mbali likafungwa, fuateni utaratibu huu.

Kwanza, angalieni ni jibu gani mnalopata. Kimya kirefu kina maana kwamba hamkufika langoni. Tazameni mtandao na kinga ya seva. Mkiambiwa "Connection refused", kwa kawaida mmefika lakini hapana mlinzi anayesikiliza, mwasheni. Mkiambiwa "Permission denied", mlinzi yupo, amewaona, amewakataa. Haya ni mambo matatu tofauti, na dawa ya moja haiponyi lingine.

Pili, someni pande zote mbili. Kwa upande wenu andikeni ssh -v, nayo itawaeleza kila hatua: ni muhuri gani uliotolewa na hatua gani imeshindwa. Kwa upande wa seva someni daftari la mlinzi. Jaribuni mara moja, someni mara moja. Mkijaribu mara kumi, mistari itachanganyika, na huenda kinga ya seva ikawazuia kabisa.

Tatu, ulizeni amri za mlinzi wa sasa, si zile mnazozikumbuka. Amri ya sshd -T, ikiandikwa na msimamizi, hutaja kanuni zote zinazotumika sasa. Kanuni hubadilika. Tangu mwaka 2015 OpenSSH imeacha kuikubali mihuri ya DSA isipoagizwa, na mwaka 2025 imeiondoa kabisa. Tangu mwaka 2015 vilevile haimkubali msimamizi mkuu, root, kuingia kwa neno la siri isipokuwa ameruhusiwa kwa agizo.

Nne, tazameni ruhusa za folda: yako mwenyewe isiandikwe na wengine, .ssh iwe 700, authorized_keys iwe 600, na mwenye mafaili awe ni yule anayeingia. Wala msitumie 777. Mtu akiwashauri kuitumia, mwulizeni atajuaje kesho ni nani aliyeandika humo.

Tano, badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja, mkaliandike. Mkiisha kubadili kanuni za mlinzi, zipimeni kwa sshd -t kabla ya kumwanzisha upya, maana akikuta kosa katika maandishi hatasimama langoni.

Na kabla ya kupandisha toleo, kuna mambo matatu. Someni tangazo la toleo jipya, hasa sehemu inayotaja vitu vinavyoachwa. Pawepo mtu mbele ya kompyuta yenyewe, mwenye neno la siri mkononi. Tena, baada ya kupandisha na kabla ya kukubali izimwe, acheni dirisha la kwanza wazi, fungueni la pili, mkajaribu kuingia upya. Dirisha la kwanza liliingia kwa mlinzi wa zamani, la pili litakutana na mlinzi mpya. La pili likikataliwa, bado mko ndani kwa la kwanza, na mwaweza kutengeneza mkiwa mmekaa. Kama ningalifanya hivyo usiku ule, kazi yote ingalikuwa ya dakika kumi, na Mzee angalilala. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nilijua maneno hayo tangu darasa la sita, lakini sikudhani kwamba yananihusu mimi na kompyuta.

Nilipokutana na Mzee mara ya mwisho, bado alikuwa na ile karatasi aliyonakilia herufi 68, ameikunja ndani ya kitabu cha stakabadhi. Nikamwambia aweza kuitupa, maana kielelezo si siri. Akasema ataiweka. "Siku ukija tena kwa haraka," akaniambia, "nitakuonyesha."

Nawatakieni masomo mema na mitihani ya heri. Wale vijana wawili, mkifanikiwa kuingia, niandikieni kupitia kwa Mwalimu. Na msipofanikiwa, niandikieni vilevile, lakini nileteeni mstari wa daftari mzima.

Ndimi mwenzenu wa zamani.